UZI: Mwanamke akikosa pa kulala Ngara, ni jukumu la nani?

1/ Kila msimu wa siasa mjadala wa nyumba unaanza na makato ya asilimia 1.5 na unaishia hapo hapo. Huyu anasema ni wizi, yule anasema ni maendeleo, na sisi tunabishana mpaka bando inaisha. Leo tuongee kuhusu mtu ambaye hayuko kwenye huo ubishi kabisa: mwanamke asiye na pa kulala. Kama kawaida yetu, hakuna kutaja mwanasiasa wala chama.

2/ Mimi ni mkazi wa Ngara. Asubuhi napita karibu na ghorofa za Park Road, nyumba 1,370 za mpango wa bei nafuu. Nikiteremka mpaka Globe, napata watu wamelala juu ya maboksi, wengine na watoto. Mtaa mmoja, mambo mawili. Nani kati ya hao wa chini anaweza kupanda pale juu? Na ngazi iko wapi?

3/ Hesabu ya familia za mitaani ya 2018 ilipata watu 46,639 nchini, na 15,337 kati yao walikuwa Nairobi. Wengi walikuwa wanaume. Basi utasikia, "hilo ni tatizo la wanaume." Pole pole hapo. Mwanamke anaogopa usiku wa barabarani, kwa hivyo anajificha. Wiki hii sakafuni kwa rafiki, wiki ijayo kanisani. Huyo humuoni kwenye boksi, lakini nyumba hana.

4/ Mfano ninaoujua mwenyewe. Tuko na chama cha akina mama 14 (chama cha pesa, si kile cha siasa). Mwenzetu mmoja wa sokoni, nitamwita Mama Shiko ingawa si jina lake, alianza kusinzia kwenye kibanda chake mchana. Tukamcheka. Kumbe alikuwa ametoroka kipigo usiku na watoto wawili, na kwa siku tatu walilala kwenye benchi la hospitali, wakijifanya wana mgonjwa ndani.

5/ Tulichofanya hakikuwa kikubwa. Mmoja wetu alimpa sebule kwa wiki moja. Tukachanga kwa simu, kila mtu kwa uwezo wake. Tukapata 7,000: kodi ya chumba cha mabati mwezi mmoja pamoja na deposi. Sharti letu lilikuwa moja, hakuna kumwambia mtu amehamia wapi. Bwana alikuja sokoni mara mbili kuuliza. Tulikuwa bubu. Leo Mama Shiko anachanga kama sisi.

6/ Sasa ile sehemu ambayo watu hawapendi kusimulia. Miezi michache baadaye alikuja dada mwingine, mjamzito, hana kitambulisho, hana biashara. Chama kikagawanyika. "Hii ni pesa ya mzunguko, si sadaka." Na walikuwa na haki, kwa sababu zamu ya mtu ilikuwa imefika na karo ilikuwa inangoja. Alilala kwangu siku mbili. Siku ya tatu nilipotoka kazini alikuwa ameenda. Sijawahi kumuona tena.

7/ Kwa hivyo mtu akiniambia "jamii ijisaidie, serikali haina pesa," namuonyesha Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Ni kweli kifungu cha 21 kinasema haki hiyo itatimizwa hatua kwa hatua. Lakini soma cha 20(5): serikali ikidai haina rasilimali, ni jukumu lake kuonyesha kwamba hazipo. Si kazi ya mama mboga kuthibitisha kwamba ziko.

8/ Hoja ya pili: "Si warudi ushago?" Ushago kwa nani? Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 34 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa au kuumizwa kimwili tangu wakiwa na miaka 15. Kwa wengi, nyumbani ndiko walikotoroka. Na sheria ya 2015 ya kuzuia dhuluma za kinyumbani inaruhusu korti kumtoa nyumbani mwenye kupiga, hata kama nyumba ni yake. Mbona anayetoka kila siku ni yule aliyepigwa?

9/ Hoja ya tatu: "Tunawajengea nyumba." Sawa. Sheria ya 2024 imetenga hata nyumba za kijamii kwa wenye mapato chini ya 20,000 kwa mwezi. Hilo ni jambo jema, tuseme ukweli. Lakini kujiandikisha kunataka kitambulisho, simu, na pesa za kuweka kando. Aliyetoka mbio saa sita usiku hakubeba droo. Na jengo linachukua miaka, yeye usiku wake ni leo.

10/ Hoja ya nne ni ile ya "kusafisha mji." Kanjo wanapita, watu wanabebwa, wiki mbili baadaye wamerudi. Ile sheria ya uzururaji tuliyorithi kwa mkoloni ilifutwa 1997. Kukosa nyumba si uhalifu. Na wakati mwingine ni tingatinga za serikali zenyewe zinazowatoa watu nyumbani, kama tulivyoona kando ya mito Nairobi baada ya mafuriko ya 2024. Mtu anabomolewa mwezi huu, mwezi ujao anaitwa mzururaji.

11/ Kinachokosekana ni kitu cha katikati: mahali salama pa kulala wiki chache, kati ya kutoroka na kupata chumba. Nyumba hizo zipo, lakini nyingi zinaendeshwa na mashirika kama Usikimye, na zinategemea wafadhili na wahisani. Mfadhili akiondoka, na kitanda kinaenda naye.

12/ Mwombaji kura akija Ngara kuongea nyumba, mwache amalize, halafu muulize matatu. Moja: leo usiku mwanamke aliyefukuzwa na watoto analala wapi katika kaunti hii, na nani analipa? Mbili: asiye na kitambulisho atasaidiwaje kukipata? Tatu: kabla ya kubomoa, waliomo watapelekwa wapi? Akikujibu kwa idadi ya ghorofa, jua hajajibu.

13/ Na sisi? Baada ya yule dada, chama chetu kilifungua mfuko wa pembeni, 50 kila wiki kwa kila mtu, hauguswi na mzunguko. Tulikubaliana kabla shida haijafika, na hilo ndilo muhimu. Tuna nambari 1195, ya bure, ya dhuluma za kijinsia. Tunajua dawati la jinsia liko kituo gani. Mtu akipoteza kitambulisho, mmoja wetu anamsindikiza polisi kuchukua abstrakti, kwa sababu ukienda peke yako na nguo chafu unaambiwa urudi kesho.

14/ Wiki moja ya mfuko huo ni shilingi 700. Inatosha chakula na usiku mmoja au mbili za lojing, basi. Usiku wa kwanza tunaweza kuushika sisi. Wa thelathini hatuwezi, na tusidanganywe kwamba ni kwa sababu hatuna utu. Huko ndiko kodi yetu inafaa kuanzia.

Mwisho wa uzi. Chama chenu kimewahi kupokea mtu hivi? Mlifanyaje, na mlikwama wapi? Andika hapa chini, lakini tafadhali usitaje jina lake wala anakoishi.