Kwa Nini Mmea Mla Wadudu Hunyauka Chunguni?

Miongoni mwa mimea ilayo wadudu, ujulikanao zaidi ni ule uitwao na wanabotania Dionaea muscipula. Asili yake ni nyanda za majimaji za North Carolina na South Carolina, Marekani, lakini hupandwa vyunguni katika nchi nyingi. Mara nyingi hunyauka ijapokuwa udongo wake umelowa. Mtunzaji, akidhani una njaa, huutilia mbolea, nao hufa upesi zaidi.

Sababu imo katika udongo wa asili yake, wenye asidi na upungufu mkubwa wa naitrojeni na fosforasi. Mmea huu hujitengenezea sukari kwa usanisinuru kama mimea mingine. Wadudu huupatia hasa madini. Mizizi yake, basi, imezoea maji yasiyo na chumvi nyingi. Itiwapo mbolea, au maji ya kisima yenye chumvi, myeyusho wa udongoni huwa mzito. Kwa kanuni ya osmosisi, maji hupita katika utando kutoka myeyusho hafifu kwenda ule mzito. Hivyo mizizi hushindwa kufyonza maji, na majani hulegea.

Kabla ya kutafuta dawa, yafaa kuchunguza mambo manne:

1. Maji: yawe ya mvua au yaliyokenekwa.

2. Udongo: uwe mboji ya kinamasi iliyochanganywa na mchanga uliooshwa, bila samadi. Uliokwisha kuingia chumvi ubadilishwe.

3. Mwanga: mmea upate jua la kutosha kila siku. Kivulini majani hurefuka na kudhoofika.

4. Mitego: kila nusu ya mtego kwa kawaida ina vinyweleo vitatu. Vikiguswa mara mbili katika muda wa sekunde 20 hivi, mtego hufunga. Kuuchezea kwa kidole huupotezea nguvu bure, na baada ya kufunga mara chache hufa.

Hata hivyo, si kila jani jeusi ni dalili ya ugonjwa. Mitego mikuukuu hufa na mipya huchipua. Tena wakati wa baridi mmea hupumzika, na majani mengi hukauka.

Mwalimu asiye na mmea huu aweza kuidhihirisha kanuni hiyo kwa vipande viwili vya kiazi: kimoja katika maji safi, kingine katika maji ya chumvi nyingi. Baada ya saa chache, cha kwanza kitakuwa kigumu, na cha pili kitakuwa kimelegea, ingawa vyote vimezama majini.