Rakuni ni mnyama gani? Jina la spishi laamua hatima yake

MSOMAJI wa Afrika Mashariki akiona picha ya rakuni huenda akamdhania fungo, kwani wote wawili wana baka jeusi machoni mithili ya barakoa. Hata hivyo, undugu wao ni wa mbali mno. Fungo yumo katika tawi la paka, fisi na nguchiro, ilhali rakuni, mwenyeji wa mabara ya Amerika, yumo katika tawi la mbwa na dubu.

Carl Linnaeus alimweka katika jenasi ya dubu mwaka wa 1758, akamwita Ursus lotor, yaani dubu aoshaye. Kosa hilo lina msamaha wake, kwani rakuni hukanyaga kwa wayo kama dubu. Mnamo 1780, Gottlieb Storr alimtengea jenasi yake, Procyon.

Rakuni wa kawaida aghalabu huwa na uzito wa kilo 5 hadi 12, meno 40 na mkia wenye pete nyeusi. Lakini ajabu yake imo viganjani. Vidole vitano vya mguu wa mbele havina utando, na ngozi yake ina hisi kali mno. Huko kunakodhaniwa kuosha chakula ni kupapasa tu. Mnyama huyu humtambua kaa au chura majini bila kumwona.

Siku hizi hutambuliwa spishi tatu: rakuni wa kawaida, rakuni mla-kaa wa Amerika Kusini na Kati, na rakuni mdogo wa kisiwa cha Cozumel, Mexico. Zamani zilikuwa nyingi zaidi. Rakuni wa Guadeloupe, Bahamas na Barbados walihesabiwa kuwa spishi za kipekee, na yule wa Guadeloupe akafanywa nembo ya hifadhi ya taifa. Mnamo 2003, Kristofer Helgen na Don Wilson walieleza kuwa wote hao ni rakuni wa kawaida waliopelekwa visiwani na binadamu. Aliyelindwa kama hazina akawa mgeni anayeweza kuwadhuru wanyama wenyeji.

Kwa rakuni wa Cozumel mambo ni kinyume. Huyu, mwenye kilo 3 hadi 4 tu na meno madogo, ni spishi halisi isiyopatikana kwingineko, na shirika la IUCN limemworodhesha miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa mno ya kuangamia. Anatishiwa na vimbunga, mbwa na ujenzi wa kitalii. Tishio jingine ni jamaa zake wenyewe: rakuni wa kawaida wanaoletwa kutoka bara kufugwa nyumbani, ambao wanaweza kumwambukiza maradhi au kuzaana naye.