Kipindupindu: asidi ikizidi katika damu, figo nazo hukosa damu

Kandokando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika, wakaaji wanaujua kipindupindu kwa kuhara na kutapika. Ila waganga huuliza swali ambalo familia nyingi hazilitegemei: mgonjwa amekojoa saa ngapi mara ya mwisho?

Swali hilo linahusu figo. Kwa mtu mzima mwenye afya, figo mbili hupokea karibu sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, yaani lita moja hivi kila dakika. Hapo ndipo damu inachujwa, na asidi ambayo mwili unatengeneza kila siku inatolewa kwa mkojo.

Kipindupindu kinapokausha mwili, damu hupungua, na mishipa ya figo hujibana ili moyo na ubongo visikose. Shida haiishii hapo. Pamoja na maji hutoka bikabonati, chumvi inayotuliza asidi. pH ya damu, ambayo kawaida ni kati ya 7,35 na 7,45, inashuka. Ikipita chini ya 7,2, moyo husukuma kwa udhaifu na mishipa haiitikii tena vizuri adrenalini, homoni inayopandisha presha. Presha inaanguka, damu ya figo inazidi kupungua, na figo zilizokosa damu haziwezi tena kutoa asidi. Mgonjwa huanza kuhema kwa nguvu, na ndugu zake hudhani ni ugonjwa wa mapafu, kumbe mapafu yanajaribu kupunguza asidi hiyo.

Mwaka 1832, huko Leith, Uskoti, daktari Thomas Latta alitia maji ya chumvi yenye soda kidogo katika mishipa ya wagonjwa wa kipindupindu. Wazo hilo lilidharauliwa kwa miaka mingi.

Leo serumu inayotakiwa ni Ringer laktati, kwa sababu ini hugeuza laktati kuwa bikabonati. Serumu ya sukari peke yake, ambayo watu wengi huiamini kwamba inatia nguvu, hairudishi chumvi wala haipunguzi asidi. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekauka sana huhitaji lita 6 kwa saa 3, na karibu lita 2 kati ya hizo huingia katika dakika 30 za kwanza.

Kwa yule anayeweza kunywa, pakiti ya ORS ina sitrati, inayofanya kazi hiyohiyo. Aanze kunywa nyumbani, aendelee njiani kuelekea kituo cha afya.