Utangulizi: Chumvi ya Uvinza, Chumvi ya Damu

Watu wa Buha walijua thamani ya chumvi kabla ya hospitali ya kwanza kujengwa kwao. Kule Uvinza, kusini mwa Kasulu, maji ya chemchemi za chumvi yamechemshwa kwa zaidi ya miaka elfu moja, na chumvi yake ikabebwa vichwani hadi nchi za mbali. Somo ninalokukaribishia linahusu chumvi hiyohiyo ikishayeyuka mwilini. Wataalamu huita chembe hizo elektroliti: sodiamu, potasiamu, kloraidi, kalsiamu, magnesiamu na wenzao.

Hakuna mgonjwa anayefika mapokezi akasema potasiamu yangu imeshuka. Husema miguu haina nguvu, moyo unapiga hovyo, au ndugu zake husema tangu jana anaongea asiyoyajua. Wewe ndiwe utakayefasiri.

Anza na jambo moja. Sodiamu hukaa zaidi nje ya seli, na katika damu huwa milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Potasiamu hujificha ndani ya seli. Katika damu huonekana 3.5 hadi 5 tu. Tofauti hiyo kati ya ndani na nje ndiyo inayozaa umeme wa neva na wa moyo. Kwa hiyo potasiamu ya damu ikipanda kutoka 4 hadi 7, kiasi ambacho kwa sodiamu kisingemshtua mtu, moyo unaweza kusimama.

Mkoa wetu wa Kigoma ulilisoma somo hili kwa uchungu mwezi Mei 2015. Makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walijazana Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka. Meli kongwe ya MV Liemba ilitia nanga mbali kidogo na ufuko, watu wakapelekwa kwa mitumbwi, kisha wakasafirishwa hadi Kigoma na kuendelea kwa barabara mpaka kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Baadaye mwaka huohuo kambi ya Nduta, Kibondo, ikafunguliwa tena.

Mgonjwa wa kipindupindu haishiwi maji peke yake. Choo kile kinachofanana na maji ya mchele huondoka na sodiamu, potasiamu na bikaboneti, ndiyo maana misuli hukaza na pumzi huenda mbio. Ukimpa maji matupu, unazidi kuizimua damu yake. Lakini utumbo una mlango mmoja ambao ugonjwa huu hauufungi: sukari na sodiamu hupita hapo pamoja, na maji hufuata. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi wa Bengali ya Mashariki huko Bongaon, India, dripu zilipokwisha, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na sukari, na vifo vikapungua sana. Pakiti ya leo ya chumvi na sukari hiyo ya kunywa, ORS, ina sodiamu milimoli 75 na sukari milimoli 75 kwa lita. Usawa huo si wa bahati.

Dripu nayo si maji ya baraka. Utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, ulionyesha kwamba watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu walikufa zaidi walipomiminiwa maji kwa kasi. Watoto wa kuhara hawakuwamo, nawe usiyachanganye makundi hayo mawili. Sodiamu iliyoshuka polepole nayo hupandishwa polepole. Ukiiharakisha, unaweza kuuumiza ubongo uliokwisha kuzoea.

Kuhusu maabara, nina ugomvi wa zamani na barabara. Sampuli iliyovutwa kwa nguvu kupitia sindano nyembamba, kisha ikatikiswa kwenye pikipiki kutoka kituo cha afya, hufika chembe zake nyekundu zimepasuka na kumwaga potasiamu. Jibu linasoma 6.8, mgonjwa amekaa anakunywa uji. Rudia sampuli, ndiyo, lakini kwanza mpime umeme wa moyo. Mawimbi yaliyochongoka kama hema, kwa mtu ambaye hajakojoa siku mbili, hayasubiri sampuli ya pili: kalsiamu ya mshipa huukinga moyo, insulini pamoja na glukosi huirudisha potasiamu ndani ya seli. Insulini hiyohiyo, kwa mgonjwa wa kisukari aliyefika amekauka, yaweza kuiteremsha potasiamu hadi hatari ya upande wa pili.

Mashine ya kupima chumvi hizi siku nyingine haina vitendanishi, siku nyingine haina umeme. Kwa hiyo sura ya kwanza haianzii maabara. Inaanzia mlangoni: ametapika mara ngapi, amekojoa lini, amekunywa nini njiani, na amepewa dawa gani nyumbani kabla ya kuletwa.