Simu Nne, Kompyuta Moja

Hadithi, hadithi! Itikieni "hadithi njoo," kisha msogee karibu, maana leo sungura na fisi wamepumzika. Leo ni zamu ya kompyuta.

Tuseme iko nyumba moja mtaa wa Chang'ombe, Dodoma mjini. Sebuleni kuna kompyuta ya mezani, imefunikwa kitambaa kwa sababu ya lile vumbi letu mnalolijua. Simu ni nne. Bibi, mwenyeji wa Chamwino, ana kitochi chenye kadi ya memori, na hataki kingine ila muziki wa Kigogo: muheme, ngoma wanayopiga akina mama, nindo, na zeze. Mama ana simu ya Android iliyojaa kwaya. Ukimwekea Ulyankulu Barabara ya 13 kutoka Tabora, hata kupika anapika kwa furaha. Kaka anasoma UDOM, ana iPhone ya mtumba na Bongo Fleva. Dada wa darasa la sita amerithi simu ya zamani isiyo na laini. Humo ndani mna singeli tupu, ingawa Mama anaamini ni nyimbo za shule.

Awali wote walikwenda kibandani. Vibanda hivyo mmeviona: kijana, kompyuta, spika mlangoni. Unampa kadi yako, unamwambia "niwekee za kwaya," anakamata folda zima na kulirusha. Dakika chache umemaliza. Ila kadi hiyo hiyo mara nyingi ilirudi na kile kirusi kinachoficha mafolda na kuacha vijialama vidogo vya "shortcut" visivyofunguka. Isitoshe, mwimbaji hakupata hata shilingi, na nchi hii ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999.

Basi Kaka akasema kazi hiyo ataifanya nyumbani. Akachomeka kadi ya Bibi, akaburuta folda liitwalo Music, akamrudishia simu. Bibi akabonyeza. Ikatoka singeli.

"Mume wangu," Bibi akamwuliza mjukuu wake, "huyu anakimbizwa na nani?"

Kaka akaona aibu, akatengeneza mafolda manne, kila mtu na lake, akaanza kunakili. Hapo wengi wangempigia makofi, mimi sipigi. Kuna nyimbo za harusi ambazo Bibi, Mama na Dada wote wanazipenda. Sasa kila wimbo umekaa mara tatu kwenye kompyuta moja. Hesabu yake si ngumu. Wimbo wa MP3 wa dakika 4, ukiwa na ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde, unachukua karibu MB 4. Nyimbo 500 ni karibu GB 2. Zikikaa mara tatu, GB 6. Tena ukirekebisha jina la wimbo kwenye folda la Mama, lile la Bibi linabaki na kosa lake. Baada ya mwaka hakuna anayejua nakala ipi ndiyo nzuri.

Dawa yake ni pleilisti. Mama anapomtuma mtoto sokoni Majengo, humwandikia karatasi: nyanya, vitunguu, mchicha. Karatasi ile haina nyanya hata moja, inasema tu nyanya zichukuliwe. Pleilisti ni karatasi hiyo. Nyimbo zote zinakaa mahali pamoja, mara moja tu, kisha kila mtu anaandikiwa orodha yake. Wimbo mmoja unaweza kutajwa kwenye orodha nne bila kuongeza uzito wa maana. Siku ya kupeleka kwenye simu ndipo nyanya zenyewe zinabebwa. Kwenye Windows Media Player, kwa mfano, unachomeka kadi, unafungua sehemu ya Sync, unaburuta orodha ya Bibi, na programu inazinakili nyimbo zenyewe. Simu ya Mama unaiunganisha kwa waya, kisha kwenye kioo chake unachagua kuhamisha faili; usipochagua, simu itakula chaji tu na kukaa kimya.

iPhone ina tabia zake. Ukiiunganisha na maktaba ya programu ya iTunes isiyoizoea, kompyuta huuliza kama ifute nyimbo zilizomo na kuweka nyingine. Watoto hubonyeza "ndiyo" bila kusoma! Msifanye hivyo. Kaka akitaka maktaba yake peke yake, ashike kitufe cha Shift wakati wa kufungua iTunes kwenye Windows, ataulizwa anataka maktaba ipi. Lakini halazimiki. Programu hiyo huikumbuka kila iPhone inayoijua pamoja na orodha iliyochaguliwa kwa ajili yake. Maktaba tofauti zinafaa pale ambapo wenyewe hawataki kuchunguliana, na hata hapo ni rahisi zaidi kila mtu awe na akaunti yake ya kuingilia kwenye kompyuta.

Sasa tufike kwenye majina, maana hapa ndipo penye kazi. Bibi anampenda Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa huu huu, bingwa wa kupiga ilimba na zeze, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kufariki mwaka 2003. Albamu yake Chibite ilitolewa 1996 na Real World, lebo ya mwanamuziki wa Uingereza, Peter Gabriel. Kwenye kompyuta ya nyumba ile ameandikwa "Hukwe Zawose", "Dr Zawose" na "Zawose H". Sisi tunajua ni mtu mmoja. Kompyuta inahesabu watu watatu, na ukiomba nyimbo zake inakupa theluthi.

Namba nazo zina vituko. Kitochi kinachopanga nyimbo kwa jina la faili kinaweza kupiga wa 1, kisha wa 10, wa 11, ndipo wa 2. Andikeni 01, 02, 03, kitatulia.

Nyimbo za dukani zikipotea majina, mtu anaweza kuyatafuta. Lakini Bibi alirekodi kwa simu yake akina mama wakipiga muheme harusini kijijini, na faili hilo linaitwa "Rec001". Mwenye kujua ni wimbo gani, nani aliuanzisha na ilikuwa harusi ya nani, ni Bibi peke yake. Kwa hiyo jioni ya leo, kabla hujamwekea mtu wimbo mpya, mwamkie bibi yako, kaa naye, mpigie faili moja moja, umwulize, uandike. Kisha nakili zote kwenye diski ya pembeni, kwa sababu kompyuta moja ikiungua, simu zote nne zimepoteza ghala lao.