Prosesere ya bei chini, lakini yenye kuingia

Ordinatere ya mutoto imekuwa nzito, na mushahara umekwisha kugawanywa: chakula, nyumba, minerval. Mbele ya kukopa makuta ya mashini mupya, tuangalie prosesere kwanza.

Sisi wenyewe tulikosea. Karte-mere yetu ni ya LGA1155, na ndani mulikuwa Core i3-2100, ya kere mbili. Tukanunua Core i5-4570 ya okazio, juu namba yake ilikuwa kubwa. Kufika ku nyumba, haikuingia! Ile inaomba LGA1150. Namba zinaachana 5 tu, lakini makuta yalikuwa yamekwenda. Yenye tulipashwa kutafuta ni Core i5-3470 ya mwaka 2012: kere nne, na LGA1155 sawa yetu.

Basi, baba na mama, fungueni sanduku, musome jina la karte-mere, kiisha mutafute ku intaneti liste ya prosesere zenye inakubali. Karte nyingi za 2011 zinaomba BIOS mupya ndipo zikubali 3470. Hiyo inafanywa wakati prosesere ya zamani ingali ndani. Ukishaitoa, mashini haitawaka tena.

Siku ya kuiweka, usikaze kwa nguvu. Vile vijisindano viko ku karte-mere, vyembamba sana, na kimoja kikipinda utanunua karte nayo. Paka pate ya kupoza kidogo, sawa punje ya muchele.

4570 yetu ingali ku kabati. Mwenye LGA1150 atuone.