Gharama kubwa ya digrii ni miaka ya kusubiri

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mazungumzo ya familia nyingi za Tanzania huanzia kwenye ada na mara nyingi huishia hapohapo. Lakini ada si sehemu kubwa ya gharama. Katika vyuo vikuu vya umma, kozi nyingi za miaka mitatu hutoza kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka. Fedha ya kujikimu, ambayo wanafunzi huiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku tangu ilipopandishwa kutoka 8,500. Kwa siku 240 za masomo hiyo ni milioni 2.4. Ukijumlisha na vitabu na mafunzo kwa vitendo, mwanafunzi anayegharamiwa kwa mkopo anaweza kumaliza akidaiwa kama milioni 12. Deni hilo linatisha, ila masharti yake ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, kwa hiyo anayeanza kulipa leo anarudisha takribani kiasi alichokopa huku bei za vitu zikiwa zimeshapanda. Mkopaji gani wa benki anayapata masharti hayo?

Tuifungue hati ya mshahara ya mwajiriwa mpya wa serikali, tuseme mshahara wake wa msingi ni 800,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani 120,000. Mfuko wa pensheni unakata 40,000, bima ya afya 24,000, na kodi ya mapato 68,000. Anabaki na 548,000, na kwa makato hayo deni la milioni 12 litamchukua miaka minane na ushei, pungufu ya hapo mshahara ukipanda. Sasa mweke pembeni yake kijana waliyemaliza shule pamoja, ambaye hakwenda chuo, akajifunza ufundi na kujipatia 250,000 kwa mwezi. Katika miaka mitatu ya chuo, mwenye digrii ameacha kipato cha milioni 9. Akiajiriwa mara tu anapohitimu, tofauti ya 298,000 kwa mwezi itairudisha milioni 9 hiyo katika miaka miwili na nusu, na kuanzia hapo digrii ni faida tupu, tena yenye pensheni. Akikaa miaka mitano bila kazi, pengo linafika milioni 24, na kulifidia kutahitaji karibu miaka saba ya kazi. Cheti ni kilekile na deni ni lilelile. Kilichobadilika ni muda wa kusubiri. Ni kweli wengi hawasubiri mikono mitupu: hufundisha kwa kujitolea wakipewa posho, au huuza bidhaa mitandaoni. Hilo linapunguza hasara bila kuiondoa.

Na foleni ni ndefu. Mwaka 2025, Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596, waliojitokeza kuomba walikuwa 135,027, sawa na watu 85 kwa kila nafasi. Mtu anaweza kujibu kwamba wachumi wa elimu wamethibitisha kuwa digrii inalipa: makadirio yaliyotolewa na watafiti wa Benki ya Dunia mwaka 2014 yaliweka faida ya elimu ya juu Kusini mwa Sahara kwenye asilimia 21 hivi, kubwa kuliko kanda nyingine zote. Takwimu hiyo naiheshimu, lakini tuitazame inapima nini. Hesabu za namna hiyo hulinganisha mishahara ya watu walio kazini, kwa hiyo aliye bado anasubiri hahesabiwi. Zaidi ya hayo, kiwango hicho kilitokana kwa sehemu kubwa na uhaba. Chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 na kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi hawafiki 20, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Kwa vizazi vya mwanzo, kuhitimu na kuajiriwa vilikuwa jambo moja. Mzazi anayempa mwanawe ushauri kwa kuangalia kizazi hicho anamwonyesha soko la ajira ambalo halipo tena.

Ndiyo maana swali la kama digrii inalipa halina jibu moja. Mwalimu wa fizikia au hisabati anaingia kwenye uhaba ambao serikali yenyewe inaulalamikia kila mwaka. Mwalimu wa historia mwenye ufaulu uleule, kutoka chuo kilekile, anaingia kwenye foleni. Udaktari na uwakili haviwezekani bila digrii. Kwa upande mwingine, ziko kazi nyingi ambazo stashahada inatosha kuanzia, na anayeanza nayo anaweza kurudi chuoni baadaye akiwa na kipato mkononi.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba hesabu hizi zitawavunja moyo watoto wa maskini, ilhali wa matajiri wataendelea kusoma bila kuulizwa. Hofu hiyo ina msingi, na asitokee mtu akaitumia makala hii kumfungia mtoto wa mkulima mlango wa chuo kikuu. Lakini anayeumizwa na kusubiri ni nani? Mtoto wa mwenye nacho anasubiri akilishwa na kulazwa kwa baba yake. Wa mkulima anasubiri huku wadogo zake wakimtazamia, na shamba lililouzwa kuongezea ada haliwezi kurudi. Huyo ndiye anayehitaji kujua mapema kuliko wote. Wapo pia wanaosema elimu haipimwi kwa fedha, kwamba inamfumbua mtu macho na kumpa heshima. Nakubaliana nao kabisa, ila deni linalipwa kwa fedha, na makato hayaulizi kama mtu alifumbuliwa macho.

Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, unaeleza sifa za kujiunga, muda wa kozi na idadi ya nafasi. Hauelezi wahitimu wa kila kozi wamechukua muda gani kupata kazi ya kwanza. Vyuo vilazimishwe kukusanya taarifa hizo na kuzichapisha humohumo, kozi kwa kozi. Hadi hilo litakapofanyika, mzazi na mwanafunzi wasithibitishe udahili kabla ya kuwatafuta wahitimu watatu wanne wa kozi hiyohiyo waliomaliza miaka mitatu iliyopita, na kuwauliza leo wanafanya kazi gani na walisubiri muda gani kuipata.